Nyota na bei kikomo: Lini timu hupata lumbesa, lini hubeba gunia la hasara

MNUNUZI anayepandisha lori hadi Kambi ya Simba au Kitete, katika kata ya Mbulumbulu wilayani Karatu, hufika na maswali mawili. La kwanza ni bei ya siku. La pili, ambalo hulisema kwa sauti ya chini zaidi, ni ujazo wa gunia. Gunia lililojazwa kupita mdomo likashonewa juu, yaani lumbesa, huhesabiwa gunia moja kwa bei ya gunia moja, na kilichozidi ni cha mnunuzi bila malipo. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule chini bonde la Eyasi, wamelalamikia mtindo huo kwa miaka mingi, na sheria ya vipimo inaukataza.

Hesabu ya lumbesa ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika swali linalowagawa wenye timu za mpira wa kikapu wa kulipwa huko Marekani kila ifikapo Julai, mwezi wa kusaini mikataba. Je, timu impe nyota wake mkataba wa kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, au imwache aende zake?

Fedha zinazozungumzwa ni nyingi kiasi cha kumfanya mtu aone kwamba mambo hayo hayamhusu. Lakini swali lenyewe analijua kila aliyewahi kufunga bei ya mzigo kabla ya kuuona umekauka. Tena katika soko hilo Mtanzania aliwahi kuwa bidhaa ya pili kwa thamani siku ya mnada, na wale walionunuliwa pamoja naye siku hiyo wanatosha kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda.

BEI KIKOMO ILIVYOINGIA

Ligi ya NBA ina timu 30. Tangu msimu wa 1984-85 imekuwa na ukomo wa mishahara, yaani jumla ya fedha ambazo timu moja inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji wake wote, ingawa ukomo huo una milango mingi ya pembeni. Mwaka huo wa kwanza ulikuwa dola milioni 3.6 kwa timu. Msimu wa 2025-26 uliwekwa dola milioni 154.6. Kiwango hupanda kwa kufuata mapato ya ligi, hasa fedha za televisheni, ambayo wachezaji kwa pamoja hupata takriban nusu yake.

Hapo mwanzo ukomo ulikuwa wa timu, si wa mtu mmoja. Ndiyo maana msimu wa 1997-98 Michael Jordan aliweza kulipwa na Chicago zaidi ya dola milioni 33 peke yake, wakati ukomo wa timu nzima ulikuwa dola milioni 26.9. Mwaka huo huo wa 1997, Minnesota ilimpa Kevin Garnett, kijana wa miaka 21, mkataba wa miaka sita wa dola milioni 126. Klabu yenyewe ilikuwa imenunuliwa kwa takriban dola milioni 88 miaka michache kabla. Ng'ombe mmoja alizidi bei ya zizi.

Wenye timu walishtuka. Julai 1998 walifunga milango, wachezaji wakakaa nyumbani hadi Januari 1999, na msimu ukapunguzwa kuwa wa michezo 50. Walipofungua tena, mapatano mapya yalikuwa na kitu ambacho hakikuwapo: bei kikomo ya mchezaji mmoja. Kwa utaratibu unaotumika hadi sasa, mchezaji ambaye hajafikisha miaka saba katika ligi anaweza kuanzia asilimia 25 ya ukomo wa timu; wa miaka saba hadi tisa asilimia 30; wa miaka 10 na zaidi asilimia 35. Kwa ukomo wa 2025-26 hiyo ni takriban dola milioni 38.7, milioni 46.4 na milioni 54.1 kwa mwaka wa kwanza, kisha huongezeka kila mwaka. Mwaka 2017 uliongezwa mlango mwingine: nyota aliyepata tuzo kubwa, akabaki na timu yake, anaweza kupewa ile asilimia 35 kabla hajatimiza miaka 10.

Msomaji aliyezoea bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA kila mwezi ataielewa haraka, lakini tofauti moja ni ya kuzingatia. Petroli ya Karatu mjini na petroli ya Arusha ni petroli ile ile. Wachezaji si hivyo. Unapoweka bei kikomo moja juu ya bidhaa za daraja tofauti, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Daraja la kwanza kabisa linauzwa chini ya thamani yake, kwa sababu bei haiwezi kupanda tena. Na daraja la pili linavutwa hadi kwenye bei hiyo hiyo, kwa sababu kila muuzaji hudai cha juu na kila mnunuzi anaogopa kurudi na lori tupu.

Kwa hiyo mkataba wa kiwango cha juu si tathmini ya thamani ya mtu. Ni kikomo tu. Kwa wachezaji wachache, pengine watano au kumi katika ligi nzima, kuwalipa kikomo ni kubeba lumbesa: timu inalipa gunia moja na kuondoka na gunia na nusu. Kwa wanaowafuata, timu inalipa gunia moja na huenda ikakuta debe tatu.

KWA NINI NYOTA MMOJA ANA UZITO HIVYO

Uwanja wa mpira wa kikapu una watu watano kila upande. Mchezo wa NBA ni dakika 48, na nyota hucheza dakika 35 au zaidi kati ya hizo. Katika soka mshambuliaji bora ni mmoja kati ya 11 na anaweza kukaa nusu saa bila kuguswa na mpira. Katika kikapu mpira hurudi mikononi mwa yule yule kila baada ya nusu dakika hivi. Ndiyo maana timu yenye mchezaji mmoja wa daraja la kwanza na wanne wa kawaida huweza kuwashinda watano wazuri, jambo ambalo katika soka ni nadra.

Hiyo ni hoja ya wanaosema lipa. Wanaosema usilipe hutazama ghala. Timu ina nafasi 15 za wachezaji. Watu watatu wakichukua asilimia 30 kila mmoja, 12 waliobaki wanagawana asilimia 10, na ikiwa timu inataka kupita ukomo kwa kutumia ile milango ya pembeni, inaweza kutozwa faini inayopanda kwa ngazi. Tangu mapatano ya 2023 kuna mstari wa juu zaidi, ambao msimu wa 2024-25 ulikuwa dola milioni 188.9. Timu inayouvuka haitozwi faini tu. Inafungwa mikono katika kubadilishana na kusajili wachezaji. Tajiri asiyejali faini hujali hilo.

MNADA WA 2009

Juni 2009, katika uchaguzi wa wachezaji wapya mjini New York, wa kwanza kuitwa alikuwa Blake Griffin, aliyechukuliwa na Los Angeles Clippers. Wa pili alikuwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut. Memphis ilimchukua, naye akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wa tatu alikuwa James Harden, aliyekwenda Oklahoma City. Wa saba alikuwa Stephen Curry, Golden State.

Mishahara ya wanaoingia hupangwa na ligi kwa kufuata nafasi ya kuitwa, si kwa maelewano. Thabeet alipata zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka, zaidi ya Harden na zaidi ya Curry. Bei ya mwanzo, kama ya mbegu mpya, hupangwa kwa matumaini. Februari 2010 Memphis ilimpeleka katika ligi ndogo kwa muda, mwaka mmoja baadaye ikampeleka Houston, kisha akaenda Portland, na Julai 2012 akasaini Oklahoma City kwa mshahara uliozidi kidogo dola milioni moja kwa mwaka.

Si haki kumcheka. Kati ya vijana wa Tanzania hakuna mwingine aliyefika karibu na hapo, na alicheza michezo zaidi ya 200 katika ligi ngumu kuliko zote. Lakini kwa upande wa soko, habari zake zinaonyesha kwa nini ligi iliweka mkataba wa kwanza kuwa mfupi na wa bei ya kupangwa: hakuna anayejua ujazo wa gunia lililoshonwa.

Swali la kiwango cha juu huja baada ya miaka mitatu au minne, gunia likishafunguliwa. Hapo ndipo wale wengine watatu waliposhika njia tofauti.

Griffin alipewa. Mwaka 2012 Clippers walimsainisha miaka mitano kwa takriban dola milioni 95, na kwa miaka hiyo hawakujuta. Walijuta, au angalau walibadili mawazo, safari ya pili. Julai 2017 walimpa miaka mitano mingine kwa takriban dola milioni 171. Januari 2018, miezi sita baadaye, wakamhamishia Detroit. Alicheza vizuri sana msimu wa 2018-19, kisha magoti yakakataa: michezo 18 msimu uliofuata, 20 uliofuata huo. Machi 2021 Detroit ililipa kuvunja mkataba na fedha zake zikaendelea kuhesabiwa katika ukomo wao. Clippers ndio waliouza mzigo kabla haujaingia unyevu.

Curry hakupewa. Msimu wa 2011-12 alicheza michezo 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu kilichofanyiwa upasuaji. Oktoba 2012 alikubali miaka minne kwa dola milioni 44, chini sana ya kikomo. Kifundo kikapona. Akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na tena 2016, huku msimu wa 2016-17 akiwa wa nne kwa mshahara ndani ya timu yake mwenyewe. Nafasi iliyobaki katika ukomo, pamoja na kupanda ghafla kwa ukomo wenyewe kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 mwaka 2016 baada ya mkataba mpya wa televisheni, ndiyo iliyoiwezesha Golden State kumchukua Kevin Durant. Walitwaa ubingwa 2015, 2017 na 2018. Julai 2017 Curry alilipwa kikomo, dola milioni 201 kwa miaka mitano, mkataba wa kwanza kupita milioni 200. Wakati huo hakuna aliyeuliza kama anastahili.

Wapo wanaoutumia mfano wa Curry kusema kwamba timu inayongoja hufaidika. Hilo ni sawa na kusema mnunuzi wa mbaazi alikuwa na akili kwa sababu mvua ilinyesha. Golden State walinunua kwa bei ya chini kifundo ambacho soko zima liliamini kibovu. Kingebaki kibovu, dola milioni 44 zingeonekana nyingi.

OKLAHOMA CITY ILIYOBANA DOLA

Harden ndiye mwenye somo zito. Kufikia 2012 Oklahoma City ilikuwa na vijana watatu wa ajabu: Durant, Russell Westbrook na Harden. Mwaka huo walifika fainali na kufungwa na Miami. Durant na Westbrook walikuwa wameshapewa mikataba ya kiwango cha juu, na Agosti Serge Ibaka, aliyezaliwa Brazzaville, alikuwa amepewa takriban dola milioni 48 kwa miaka minne. Ikabaki zamu ya Harden, ambaye wakati huo alianzia benchi.

Timu ilimpa takriban dola milioni 55 kwa miaka minne. Kikomo kilikuwa karibu dola milioni 60. Tofauti haikufika milioni mbili kwa mwaka, lakini nyuma yake kulikuwa na faini ya kuzidisha mishahara ambayo ingeongezeka kila mwaka, na Oklahoma City ni mji mdogo kwa soko la Marekani. Harden alikataa. Tarehe 27 Oktoba 2012, siku chache kabla ya msimu, akapelekwa Houston. Houston ikampa kikomo palepale. Thabeet, aliyeitwa mbele yake katika mnada wa 2009, alibaki Oklahoma.

Harden akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Oklahoma City haikurudi fainali na Durant, na mwaka 2016 Durant mwenyewe akaondoka.

Watetezi wa uamuzi ule wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Mwaka 2012 hapakuwa na uhakika kwamba kijana wa benchi angekuwa mchezaji bora wa ligi, na kulipa watatu kikomo kulitishia kuacha benchi tupu. Lakini kosa, kwa jinsi linavyoonekana leo, lilikuwa katika kupima. Walimpima Harden kwa bei ya mtu wa tatu wa timu yao, wakati soko, kwa maana ya Houston, lilimpima kama mtu wa kwanza wa timu nyingine. Mkulima wa Mbulumbulu mwenye maharage ya daraja la juu anajua hilo. Mnunuzi wa kwanza anayasema ya kawaida kwa sababu ameshajaza lori. Wa pili, mwenye lori tupu, anayaona.

MWAKA WA MBAAZI

Julai hiyo ya 2017, iliyompa Curry milioni 201 na Griffin milioni 171, ilimpa pia John Wall wa Washington takriban dola milioni 170 kwa miaka minne. Mkataba huo ulikuwa wa kuanza msimu wa 2019-20, yaani ulisainiwa miaka miwili kabla. Ni mtindo unaofanana na kununua mazao yangali shambani.

Katika Karatu mwaka 2017 unakumbukwa kwa mambo mengine. India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi wa Afrika Mashariki, ilikuwa imepata mavuno haba miaka ya nyuma yake na bei ilikuwa imepanda vizuri, wakulima wakapanua mashamba. Kisha India ikavuna sana, na Agosti 2017 serikali yake ikaweka kikomo cha kiasi cha mbaazi kinachoruhusiwa kuingia nchini humo. Bei ilianguka vibaya. Waliofunga mipango yao kwa bei ya mwaka uliotangulia walibaki na maghala yaliyojaa na deni la kukodi matrekta.

Wall alikuwa mbaazi ya Washington. Januari 2019 alifanyiwa upasuaji wa kisigino, na Februari, akiwa nyumbani, aliteleza na kukata kano ya kisigino. Mshahara mpya ulipoanza kuhesabiwa hakuwa anacheza. Msimu wote wa 2019-20 hakugusa uwanja. Desemba 2020 alibadilishwa na Westbrook na kwenda Houston, akacheza michezo 40, na msimu wa 2021-22 alilipwa takriban dola milioni 44 bila kucheza hata mchezo mmoja, kwa kuwa Houston ilikuwa inajenga timu ya vijana na haikumhitaji. Hata bei aliyokuwa nayo Westbrook, ambaye alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2017, ilikuwa imeshuka kiasi kwamba mikataba miwili ya kikomo ilibadilishana kama vile watu wawili wanavyobadilishana madeni.

Kwa hiyo mwenye timu hapaswi kumtazama mchezaji wa leo tu. Amtazame wa mwaka wa mwisho wa mkataba. Mwenye miaka 24 akisaini mitano anamaliza na 29, wakati mwili uko kwenye kilele. Mwenye miaka 30 anamaliza na 35, na ndio mwaka anaolipwa zaidi kuliko yote, maana nyongeza hupanda wakati miguu inashuka. Mchezaji anayetegemea kasi na kuruka, kama Wall na Griffin, huchakaa mapema kuliko anayetegemea shabaha, kama Curry. Nikola Jokić wa Denver, aliyesaini takriban dola milioni 264 kwa miaka mitano mwaka 2022, haruki wala hakimbii kwa kasi. Mwaka uliofuata Denver ikatwaa ubingwa.

Hata hivyo kuna wakati kulipa ni lazima hata kama hesabu inayumba, na huo ni wakati ambapo hakuna kitakachochukua nafasi. Desemba 2020 Milwaukee, mji mdogo wa baridi usiovutia nyota wa nje, ulimpa Giannis Antetokounmpo dola milioni 228 kwa miaka mitano. Angekataa, wasingepata mfano wake kwa bei yoyote. Julai 2021 walikuwa mabingwa, kwa mara ya kwanza tangu 1971.

PASIPO NA KIKOMO

Karatu inajua upande mwingine wa biashara hii. Filbert Bayi, mzaliwa wa wilaya hiyo, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Riadha ya wakati ule ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji hakuruhusiwa kulipwa. Kikomo chake kilikuwa sifuri, na lumbesa yote ilikwenda kwa waandaaji wa mashindano.

Katika soka la Tanzania hakuna ukomo wa mshahara wa mchezaji, na matatizo huja kwa mlango wa kinyume. Klabu hazilipi nyota zaidi ya thamani yake kwa kubanwa na kanuni. Humfunga kwa mkataba wa zamani wakati thamani yake imeshapanda. Sakata la Feisal Salum na Yanga ndilo mfano uliosikika kuliko yote. Desemba 2022 kiungo huyo wa Zanzibar aliandika kuvunja mkataba na kuweka katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112, zikiwa milioni 100 za kuvunja na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Kwa hesabu rahisi, mshahara ulikuwa shilingi milioni nne kwa mwezi. Yanga walikataa fedha hizo, na Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wao. Juni 2023, baada ya nusu mwaka bila kucheza, akauzwa Azam.

Yanga walikuwa na haki ya kisheria, kamati ilisema hivyo. Kibiashara ni jambo jingine. Kwa nusu mwaka kila upande ulikaa na mali isiyofanya kazi. Mshahara ukiongezwa mapema, mkataba ukiwa bado na miaka miwili, gharama huwa ndogo kuliko mnada wa mwisho ambapo mnunuzi mwingine ameshafika na mfuko. Oklahoma City wangeweza kuwaeleza hilo.

Kwa klabu isiyo na fedha za televisheni za kutosha kuna hatari nyingine ambayo NBA haiijui: kushindwa kulipa mwezi wa tisa kile kilichoahidiwa mwezi wa kwanza. FIFA huzifungia kusajili klabu zinazodaiwa na wachezaji, na klabu za Tanzania zimeonja adhabu hiyo. Kwa hali hiyo mkataba mnono wa miaka mitatu ni ahadi juu ya mapato ya mfadhili mmoja ambaye anaweza kuchoka.

BILI INAYOKUJA

Boston ndio wa karibuni kuonja kikomo cha watu wawili. Walimpa Jaylen Brown hadi dola milioni 304 mwaka 2023, wakatwaa ubingwa Juni 2024, na Julai hiyo wakampa Jayson Tatum dola milioni 314 kwa miaka mitano. Mei 2025, kabla mkataba mpya haujaanza, Tatum alikata kano ya kisigino. Kiangazi hicho Boston iliwatoa Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis, wote waliokuwa katika timu ya ubingwa, ili kushuka chini ya ule mstari wa juu. Je, walikosea kumlipa Tatum? Hapana. Alikuwa na miaka 26 aliposaini, alikuwa amecheza fainali mbili, na soko lote lingemlipa hivyo hivyo asubuhi iliyofuata. Walilipa bei halali ya mzigo mzuri, na gari likapinduka njiani. Kosa la bei na ajali ya njiani huandikwa katika kurasa tofauti za daftari.

Nayo Oklahoma City, iliyobana dola milioni tano mwaka 2012, ilitwaa ubingwa wake wa kwanza tangu kuhamia mji huo Juni 2025. Mwezi uliofuata ilikuwa tena na vijana watatu mezani. Safari hii haikumwacha hata mmoja: Shai Gilgeous-Alexander dola milioni 285 kwa miaka minne, Jalen Williams hadi milioni 287 na Chet Holmgren hadi milioni 250, kwa miaka mitano kila mmoja. Jumla inaweza kufika dola milioni 822. Mikataba ya wawili wa mwisho inaanza msimu wa 2026-27 na wa Gilgeous-Alexander 2027-28, na huo wa 2027-28 ndio msimu wa kwanza ambao magunia yote matatu yatapandishwa kwenye mzani mmoja.